Kuandikisha Mwombaji wa Kadi ya Maktaba: Mwongozo kwa Dawati la Usajili

Kitabu kisichorudi maktaba mara nyingi hakikuibwa. Kipo nyumbani kwa mtu, ndani ya jiji hilihili la Tanga, na aliyekiazima angekirudisha lau angepatikana na kukumbushwa. Tatizo ni kwamba simu iliyoandikwa kwenye fomu ni ya shemeji aliyekwisha kuhamia Handeni, makazi yameandikwa “Ngamiani” basi, na jina lililomo kwenye rejesta si lile ambalo majirani wanamjua nalo. Mwongozo huu ni wa wahudumu wa dawati la usajili katika maktaba za umma, za shule na za jumuiya, wawe wanaandika kwenye daftari au kwenye kompyuta.

Msingi wake ni mmoja, na hatua zote zinazofuata zimejengwa juu yake: kila taarifa ina mahali pake pa kuchukuliwa. Jina na tarehe ya kuzaliwa huchukuliwa kwenye hati. Makazi huchukuliwa kinywani mwa mwombaji mwenyewe. Namba ya simu haitoshi kuchukuliwa popote, ni lazima ipigwe. Makosa mengi ya rejesta hutokea pale mhudumu anapogeuza mambo haya, akaandika jina kwa kulisikia, kisha akanakili makazi kutoka kwenye barua ya zamani iliyotolewa mwombaji akiwa bado anaishi Lushoto.

Hatua ya 1: Kuandaa dawati na kumweleza mwombaji

Kabla ya kuuliza swali lolote, mweleze mwombaji kwa nini unauliza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za mtu amjulishe madhumuni yake, achukue zile tu zinazohitajika kwa madhumuni hayo, na ahakikishe kuwa ni sahihi. Sentensi mbili zinatosha: kwamba taarifa ni za kumtambua na kumpata pale kitabu kinapochelewa, na kwamba hazitatolewa kwa mtu mwingine kwa kazi nyingine.

Pitia fomu yenu kwa jicho hilo. Zipo fomu zilizorithiwa zikipigwa nakala mwaka hadi mwaka ambazo bado zinauliza kabila na dini, na hakuna kazi ya kuazimisha vitabu inayohitaji kujua dini ya msomaji. Ondoeni. Hali ya ulemavu iulizwe ikiwa tu kuna huduma ambayo maktaba inaweza kuitoa kwa kuijua, na iwe hiari.

Kiti cha mwombaji kiwekwe karibu na dawati, mbali na meza za wasomaji. Maktaba ni mahali pa kimya, na kimya hicho hupeleka sauti mbali. Mtu anayetaja umri wake au namba yake ya simu asitajie ukumbi mzima.

Hatua ya 2: Jina

Omba hati kwanza, jina baadaye. Kitambulisho cha Taifa ndicho bora kwa mtu mzima. Asiyekuwa nacho anaweza kuleta kadi ya mpiga kura, leseni ya udereva au pasipoti, na asiye na hata kimoja alete barua ya utambulisho kutoka ofisi ya serikali ya mtaa au ya kijiji anakoishi. Kwa mtoto, hati ya kwanza ni cheti cha kuzaliwa.

Nakili herufi moja baada ya nyingine. Katika pwani hii jina moja lina sura nyingi za maandishi, na zote ni halali kwa wenyewe: Athumani, Othman na Uthman, Hamisi na Khamis, Shabani na Shaaban, Mohamedi, Mohamed na Muhammad, Mwanaidi na Mwanaid. Mhudumu mwenye mazoea huandika sura aliyoizoea yeye, na mara nyingi hutokea kwamba watu wawili wa dawati moja wana mazoea mawili tofauti. Matokeo yake ni kwamba msomaji anayekuja Jumatatu anaambiwa hayumo kwenye rejesta, ilhali Ijumaa iliyopita aliazima vitabu viwili. Usisahihishe hati. Kama kitambulisho kimeandika RAMADHAN bila herufi ya mwisho, na wewe andika hivyohivyo, hata kama mwenye jina anasema kwa kinywa chake “Ramadhani”.

Andika majina matatu, kila moja kwenye kisanduku chake: la kwanza, la kati na la mwisho. Kisanduku kimoja kirefu kilichoandikwa “Jina kamili” ndicho chanzo cha vurugu za upangaji, kwa sababu mmoja huanza na jina lake, mwingine huanza na la ukoo kama alivyozoea shuleni, na ukija kupanga kadi kwa alfabeti humjui nani ni nani. Jina la mwisho la mwombaji mmoja ni la babu yake, la mwingine ni la ukoo, na mwanamke aliyeolewa huenda anatumia la mumewe kanisani na la baba yake kwenye kitambulisho. Yote hayo si kazi yako kuyaamua; kazi yako ni kuyaweka kwa mpangilio ule wa kwenye hati.

Halafu ongeza kisanduku cha nne ambacho fomu nyingi hazina, nacho ni jina analojulikana nalo. Hiki ndicho kinachookoa vitabu. Ukituma mtu mtaani kumuulizia Mwanahamisi Bakari Juma, unaweza kuzungushwa mchana kutwa, lakini ukimuulizia Mama Salehe muuza mihogo, mtoto wa kwanza utakayekutana naye atakushika mkono na kukupeleka mlangoni. Mwulize kwa adabu:

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwanangu, hujambo?”

“Sijambo bibi. Jina la kwenye kitambulisho nimeshaliandika. Sasa naomba uniambie, huko mtaani kwako wanakuitaje?”

Hakuna aliyewahi kuchukizwa na swali hilo likiulizwa hivyo. Wengi hucheka kidogo kabla ya kujibu.

Jambo jingine linalohitaji heshima ni la mtu mzima anayesema amesahau miwani nyumbani. Huenda kweli ameisahau, huenda hajui kusoma vizuri na amekuja maktaba kwa sababu hiyohiyo. Usimwulize. Sema tu, “Basi nitakuandikia mimi, wewe unitajie,” ukamwandikia, na mwisho akaweka dole gumba mahali pa sahihi. Katika hali hiyo hakiki mara mbili kila ulichoandika, kwa kuwa yeye hataweza kukugundulia kosa.

Hatua ya 3: Tarehe ya kuzaliwa

Kwa mwenye namba ya Kitambulisho cha Taifa, una njia rahisi ya kuhakiki. Namba hiyo ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa ikianzia mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Inayoanza na 19870614 ni ya mtu aliyezaliwa tarehe 14 Juni 1987. Ikiwa tarehe uliyoandika kwenye fomu hailingani na tarakimu hizo, mojawapo umeinakili vibaya, na ni vyema ulijue hilo mwombaji akiwa bado amekaa mbele yako.

Kwa wazee wasio na hati yenye tarehe kamili, usilazimishe. Mzee anaweza kukwambia kwamba alizaliwa Mfungo Sita, na mhudumu asiye mwenyeji akaandika Juni. Kumbe huo ni mwezi wa Maulidi, na kwa kuwa mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kama 11, mwezi huo huzunguka katika miezi yote ya kalenda ya kawaida. Andika mwaka anaoutaja, siku na mwezi uviache wazi, na ubavuni uandike “kadirio”. Kama programu yenu haikubali nafasi tupu, maktaba ikubaliane tarehe moja ya kujazia kwa wote wa namna hiyo, na ikubali kwamba tarehe hiyo haina maana yoyote. Kwa maktaba, umri una kazi moja kubwa, ambayo ni kujua nani ni mtoto anayehitaji mzazi wa kumsainia na nani ni mtu mzima. Kumhoji mzee wa miaka sabini kama alizaliwa kabla ya vuli au baada ya masika hakuongezi chochote.

Hatua ya 4: Makazi

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo wahudumu wengi wanapopita haraka.

“Unaishi wapi?” ni swali bovu kwa sababu linajibika kwa neno moja. Mtu wa Tanga atakujibu “Ngamiani”, na atakuwa amesema kweli, lakini kuna kata ya Ngamiani Kaskazini, ya Ngamiani Kati na ya Ngamiani Kusini, na barabara zake huitwa kwa namba. Atakayejibu “Majengo” naye amesema kweli, ila Majengo zipo katika miji mingi ya nchi hii, na mwanafunzi wa bweni anaweza kuwa anataja ya kwao alikotoka. Vunja swali hilo vipande, ukianzia panapopana na kuishia mlangoni: wilaya gani, kata gani, mtaa gani, barabara gani, nyumba namba ngapi. Kwa anayetoka nje ya jiji, Muheza, Pangani au Mkinga, mahali pa mtaa pachukuliwe na kijiji na kitongoji. Na kwa anayeishi kwenye shamba la mkonge, ni jina la shamba pamoja na kambi.

Tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, nyumba nyingi za mjini zina kibao cha namba na barabara zina nguzo za majina, na kila kata ina postikodi yake ya tarakimu 5. Tatizo ni kwamba wenye nyumba wengi hawajazikariri. Mwombaji asiyejua namba ya nyumba yake asirudishwe nyumbani kwa sababu hiyo pekee. Mwandikishe, uache kisanduku hicho wazi chenye alama ya penseli, umwombe akipige picha kibao kwa simu na kukuonyesha siku ya kuja kuchukua kadi.

Baada ya anwani rasmi, andika alama ya kumfikisha mtu mlangoni, na iandikwe kwa namna ambayo mgeni wa eneo anaweza kuifuata. “Karibu na msikiti” haimfikishi mtu popote katika mji wenye misikiti mingi kama huu. “Nyuma ya Soko la Mgandini” ni afadhali, ingawa nyuma ya soko pana nyumba nyingi. Endelea kuuliza mpaka upate kitu kimoja kisichohamishika: nyumba ya tatu kutoka kisima, mkabala na mashine ya kusaga, geti la bluu upande wa kushoto ukitokea Uwanja wa Mkwakwani. Epuka alama zinazohama, kama genge la matunda au kituo cha bodaboda.

Kwa mpangaji, uliza jina la mwenye nyumba. Majirani hawamjui kila mpangaji, lakini nyumba ya Mzee fulani wanaijua, na mpangaji akihama, mwenye nyumba ndiye mtu wa kwanza anayejua alikoelekea. Uliza pia amekaa hapo tangu lini. Aliyehamia mwezi uliopita na anayeishi katika nyumba ya marehemu baba yake hawahitaji ufuatiliaji wa aina moja.

Sanduku la posta liandikwe kama lipo, pamoja na jina la mwenye sanduku. Ni wachache wenye la kwao wenyewe. Wengi hutumia la shule, la ofisi au la msikiti, na barua isiyo na jina la mwenye sanduku hukaa huko mpaka itupwe.

Hatua ya 5: Simu

Namba ya simu ya hapa nchini ina tarakimu 10 ikianza na sifuri, au tarakimu 9 baada ya +255. Zihesabu. Kosa la kuacha tarakimu moja ni la kawaida kuliko la kukosea tarakimu, na kuhesabu hakuchukui muda. Mwombaji akikutajia, irudie kwake kwa mafungu ya tatutatu, kwa kuwa “sita” na “saba” huchanganyika masikioni kunapokuwa na feni au mvua juu ya bati.

Kisha ipige palepale, au mbipu, mpaka simu iliyo mkononi mwake iite. Ikiita mfukoni mwa mtu mwingine au isipoita kabisa, mwulize ni ya nani. Laini huweza kuwa imesajiliwa kwa jina la mume, la kaka au la mtoto, jambo ambalo si kosa kwa maktaba. Kosa ni kutoliandika. Kisanduku cha simu kiwe na nafasi ya “mwenye simu” na “uhusiano wake na mwombaji”, ili atakayepiga miezi mitatu baadaye ajue anaanzaje mazungumzo na nani aliye upande wa pili.

Kwa mkoa huu kuna jambo la ziada. Watu wa Tanga na wa pwani ya Kenya ni ndugu, wanaoana na kutembeleana kupitia Horohoro, na wapo waombaji wenye laini za Kenya. Namba ya simu ya mkononi ya Kenya nayo inaweza kuanza na 07 na kuwa na tarakimu 10, kwa hiyo kwa macho haitofautiki na ya kwetu. Uliza, na kama ni ya huko, iandike kwa +254.

Hatua ya 6: Watoto na mdhamini

Kwa aliye chini ya miaka 18, cheti cha kuzaliwa kinakupa jina la mtoto na la wazazi wake, lakini hakikwambii analala wapi. Mtoto anaweza kuwa na baba aliyeko Dar es Salaam, mama aliyeko Korogwe, na yeye analelewa na bibi yake Chumbageni. Andika wazazi kama walivyo kwenye cheti, halafu katika nafasi tofauti andika mlezi anayeishi naye, pamoja na simu yake, kwa sababu huyo ndiye atakayetafuta kitabu chini ya kitanda. Sahihi ya ridhaa nayo iwe ya mtu mzima aliyesoma au kusomewa fomu, isiwe ya kaka yake wa kidato cha pili.

Jina la shuleni na la kwenye cheti likitofautiana, la cheti lishike nafasi ya kwanza na la shule liingie kwenye kile kisanduku cha nne.

Mdhamini asiwe mtu wa nyumba moja na mwombaji, maana wakihama watahama pamoja. Mpigie kabla ya kadi kutoka na umwambie ametajwa, wapo wanaoshangaa.

Hatua ya 7: Kuhakiki pamoja

Usimsomee mwombaji taarifa zake kwa sauti. Mgeuzie fomu au kioo cha kompyuta, umwonyeshe kwa kidole mstari baada ya mstari, na umpe muda. Swali liwe “Naomba unionyeshe palipokosewa,” badala ya “Ni sawa?”, kwa kuwa mtu mwenye adabu, hasa mbele ya mtumishi wa ofisi, atajibu “ni sawa” hata akiona jina la babu yake limekosewa. Kosa likipatikana, likatwe kwa mstari mmoja na sahihi liandikwe juu yake. Wino wa kufutia huacha shaka.

Hatua ya 8: Kuingiza kwenye kompyuta

Mnaotumia jedwali la Excel, fanyeni jambo moja kabla ya kuandika hata jina la kwanza: safu za namba ya simu na namba ya kitambulisho ziwekwe katika muundo wa maandishi, zisiwe za tarakimu. Excel hukata sifuri ya mwanzo ya simu, na huhifadhi tarakimu 15 tu za namba yoyote, hivyo tarakimu 5 za mwisho za kitambulisho cha Taifa hugeuka kuwa sifuri bila onyo, na ukishahifadhi hakuna namna ya kuzirudisha isipokuwa kwenye fomu ya karatasi. Tarehe nazo ziangaliwe: kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani huisoma 03/04/2010 kuwa tarehe 4 Machi.

Wanaotumia programu ya Koha wana nafuu, kwani inaweza kumtahadharisha mhudumu pale mtu mwenye majina na tarehe ya kuzaliwa zilezile anapokuwa ameshaandikishwa, na ina nafasi ya kumwunganisha mtoto na mdhamini wake. Lakini tahadhari hiyo haitakuja kama mara ya kwanza mtu aliandikwa Khamis na mara ya pili Hamisi. Kwa hiyo, kabla ya kutoa kadi mpya, tafuta kwanza kwa namba ya simu, halafu kwa namba ya kitambulisho, na mwisho kabisa kwa jina. Mnaotumia daftari tafuteni chini ya kila sura ya jina mnayoijua.

Nakala za vitambulisho zisirundikwe. Ukishahakiki, hati mrudishie mwenyewe. Na kama utaratibu wenu unataka nakala ibaki, ifungiwe kabatini, na muda wake ukiisha ichanwe au ichomwe. Karatasi za ofisi zinazotupwa nzima huishia kufungia karanga sokoni, na atakayenunua karanga hizo atapata pamoja nazo jina, sura na tarehe ya kuzaliwa ya msomaji wenu.

Hatua ya 9: Kila kadi inapohuishwa

Msomaji anapokuja kuhuisha kadi, usimwulize kama taarifa zake zimebadilika, kwa sababu atajibu “hapana” ili amalize haraka. Mwombe akutajie upya anakoishi na namba anayotumia sasa, huku wewe ukilinganisha na kilichoandikwa. Mabadiliko yaandikwe pamoja na tarehe na herufi za mwanzo za jina la mhudumu, na anwani ya zamani isifutwe mpaka vitabu vyote alivyoazima akiwa kwenye anwani hiyo viwe vimerudi rafuni.